Sura ya Daraja

Mimi ndiye niliyekileta kile kitabu nyumbani, na hakuna aliyenituma. Nilikwenda kwa miguu yangu mpaka Rohero, katikati ya mji, kwa mzee Maxime anayetandika vitabu vya mtumba pembeni ya barabara, nikapekua mpaka vidole vikawa vyeusi kwa vumbi, nikakipata. Nilirudi nacho kwetu Buyenzi nikitabasamu peke yangu njiani. Watu walinisalimia, nikawaitikia kwa raha zangu zote. Mjinga mimi.

Mume wangu Twahiru ni fundi wa magari. Mwezi ule jeki iliteleza, gari likamkalia mguu, mfupa ukavunjika chini ya goti. Hospitali wakamtia plasta, wakamwambia alale, asikanyage chini mpaka waseme wao. Sasa mlaze mtu ambaye tangu utoto wake hajakaa kitako mchana! Siku za mwanzo alilalamikia joto. Halafu akahamia kwangu. "Mama Kudra, kitunguu kinaungua." "Mama Kudra, mchele hauoshwi hivyo." Nikamwambia siku atakayobeba mimba ndiyo siku atakayonifundisha kuosha mchele. Akacheka, kisha akabaki akitazama mabati ya paa, na nikamwonea huruma. Ndipo nikakumbuka kitabu.

Twahiru amependa kitabu kimoja tu maishani, na hakuwahi kukisoma. Ni kitabu cha zamani cha Kifaransa, wanakijua wengi waliosoma wakati wa wazazi wetu: wavulana wawili wa milimani, Basitiani na Kolini, wanatoroka kwao na punda mmoja kwenda kuiona bahari. Yeye alisomewa. Aliyemsomea ni Zénon, rafiki yake wa benchi moja shuleni. Baba yake Zénon alikuwa na nyumba Mutanga Nord, kwa wenye pesa, na ndani ya nyumba kabati zima la vitabu. Zénon alikiiba hicho kimoja, akawa anakitia kwenye mfuko wa shule, na saa ya mapumziko wanajificha wawili nyuma ya jiko la shule. Anafungua, anatazama ukurasa wa Kifaransa, anausema kwa Kiswahili. Twahiru kwenye hesabu alikuwa hashikiki, lakini Kifaransa chake kilikuwa cha kusalimia tu.

Hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo utamwona mume wangu mjinga, na mume wangu si mjinga. Zénon alijifunza kufasiri kwenye chumba cha video. Nyinyi mliokulia huku kwetu mnakijua: filamu ya Kichina au ya Kihindi inapita, na pembeni yuko kijana mwenye maikrofoni anaisema kwa Kiswahili, anatia chumvi, anamtukana adui, anampa shujaa jina la mtu wa mtaani. Hakuna anayemuuliza kama ndivyo walivyosema. Ukiuliza utatolewa nje. Twahiru video aliipenda, lakini kusoma alikujua chuoni, kwa maalimu wake wa Kurani. Pale ukikaa mbele ya msahafu, macho kwenye mstari, huongezi hata nukta; ukiongeza, fimbo. Kwa hiyo kwenye video alijua anadanganywa na akafurahi. Lakini mtu akiwa na kitabu mapajani, kidole kwenye mstari, Twahiru aliamini kila neno. Haikumpitia kichwani hata siku moja kwamba Zénon anaweza kukifanyia kitabu mambo ya video.

Basi wavulana wamejaa safari vichwani, na sisi bahari hatuna, tuna ziwa. Wakaamua kwenda kuona mahali mto Rusizi unapoingia Tanganyika. Jumamosi moja wakafungua mtumbwi wa mvuvi bila kumwomba, wakapiga kasia mpaka kwenye matete. Kiboko akainuka karibu yao. Wakaruka, wakaogelea, mtumbwi ukapinduliwa na kupasuliwa kama kikapu. Walirudi na matope mpaka masikioni, lakini wazima, alhamdulillahi. Tatizo ni shati moja la shule lililobaki majini. Mvuvi alilikuta na nembo yake, akalipeleka kwa direkteri, mkuu wa shule.

Jumatatu direkteri alilinyanyua lile shati mbele ya wanafunzi wote. Akasema aliyefanya ajitokeze kabla ya kengele ya mchana, na kwamba huyo shule basi tena. Twahiru alitaka waende wote wawili. Alimwambia Zénon, "Twende tuseme." Zénon akamjibu, "Ngoja. Kwanza tumalize sura yetu." Wakaenda nyuma ya jiko, akafungua kitabu, akamsomea sura ya daraja.

Sura yenyewe naijua kama jina langu la Saliha. Basitiani na Kolini wamewasha moto kwa sababu ya baridi, daraja la mbao limeungua, wanakijiji wanamtafuta mwenye kosa. Kolini ni yatima. Anamwambia mwenzake: "Wewe una baba mkali, atakuua. Mimi sina baba, nina mabega. Nitasema nilikuwa peke yangu. Wewe nenda ukaione bahari kwa macho yetu wote wawili, halafu urudi unichukue." Anakwenda kwa mkuu wa kijiji, anasema hivyo, anapewa shoka apasue kuni. Na Basitiani anaiona bahari, na anarudi kumchukua.

Twahiru alikuwa yatima. Alilelewa na ami yake, fundi, hapa hapa Buyenzi. Mtoto wa miaka kumi na minne, akasimama, akajipangusa vumbi, akaenda kwa direkteri akasema, "Nilikuwa peke yangu." Kesho yake alikuwa chini ya lori na ami yake.

Na hajalia juu ya shule hata siku moja! Ukimuuliza habari hiyo uso wake unafunguka. Watu wengine wana shahada ukutani, wana kiwanja, wana picha na wakubwa. Mume wangu ana hilo tu, kwamba siku moja alikuwa Kolini na alimwokoa rafiki yake. Alipokuja kuniposa, wenzake walikuwa wanasema maneno ya asali kwa wachumba wao. Yeye alinihadithia mtumbwi, kiboko na direkteri. "Mimi sina baba, nina mabega," akaniambia, akaona haya, akatazama chini. Nilikuwa nimemaliza shule, na yuko bwana wa ofisini aliyekuwa ananitafuta kwa wazazi wangu. Nikamchagua mwenye mafuta meusi kwenye kucha. Wallahi, ni ile sura iliyonioa.

Zénon naye alisoma mpaka chuo kikuu. Sasa ana ofisi Rohero, yenye kiyoyozi, na gari ambalo mlango wake ukifungwa hausikii kitu. Si mtu mbaya, nasema hivyo ingawa nina hasira naye mpaka leo. Kwenye harusi yetu alikuja na wazazi wake. Idi haimpiti, pilau yangu anaila mpaka anafungua mkanda. Gari lake halimpi fundi mwingine. Lakini kila akiondoka Twahiru lazima aseme, "Yule anajua kusoma, yule! Hujawahi kusikia mutu anasoma hivyo." Na mimi niliyepasi Kifaransa, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nasimama na sinia la vyombo nasikiliza. Nilikuwa na wivu. Nasema waziwazi, nilikuwa na wivu na mwanamume mwenye tai.

Kwa hiyo nilipokipata kitabu kwa mzee Maxime, sikuwa namtafutia mgonjwa dawa tu. Nilitaka na mimi nimsomee. Nilitaka aseme, "Mama Kudra anajua kusoma."

Tukaanza siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Mimi kwenye kiti, yeye kitandani, mguu juu ya mto. Alifumba macho kama mtoto anayengojea kulishwa. Nilisoma Kifaransa kwanza, kisha Kiswahili, taratibu, bila kuongeza wala kupunguza. Sura ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili nikafika kwenye punda.

Kwa Zénon, yule punda aliitwa Minisitiri. Alikuwa na sikio moja, na hakubali kutembea mpaka asalimiwe kwa heshima zake zote. Alikuwa anavuka mito, anapiga majambazi mateke, analia mbele ya kanisa. Twahiru akimwona punda kwenye televisheni anamsalimia, "Bwana Minisitiri!" Sasa mimi kwenye kitabu nikakuta punda hana jina, ana masikio mawili, na anauzwa sokoni kabla sura ya pili haijaisha.

Twahiru akafumbua macho. "Ameuzwa?"

"Ameuzwa."

"Minisitiri?"

Nikamwonyesha mstari. Akauangalia kwa muda, halafu akapasuka kwa kicheko, mpaka mguu ukamuuma na bado anacheka. "Zénon mushenzi! Miaka yote hii mi natembea na punda aliyeuzwa!"

Tulicheka wote. Yarabi, tulicheka! Siku zilizofuata ikawa mchezo wetu. Majambazi wa msituni, hawamo. Bibi kizee mwenye bunduki, hayumo. Kila nikikamata uongo wa Zénon nilisimamisha kusoma, nikaweka kidole kwenye mstari, nikasema, "Tazama mwenyewe, tazama." Nilikuwa nashinda, na ushindi ni mtamu. Sikuona kwamba kila siku anacheka kidogo kuliko jana.

Kisha tukafika kwa baba yake Kolini.

"Kolini ana baba?" Twahiru akauliza.

"Anaye. Muoka mikate. Mnene, anapenda kuimba."

"Amekufa lini?"

Nikafunua mbele, nikafunua tena. "Hajafa. Yumo mpaka ukurasa wa mwisho."

Hakucheka. Akasema, "Endelea." Mtu mwenye akili angefunga kitabu pale pale, akaenda kuangalia maharage motoni. Mimi nikalowesha kidole, nikaendelea.

Sura ya daraja ni fupi. Moto unashika mbao, daraja linaanguka mtoni, watu wanakuja mbio na ndoo. Mzee mmoja anauliza nani amefanya haya. Basitiani anamtazama Kolini, Kolini anamtazama Basitiani, wanasema kwa pamoja, "Ni sisi." Kila mmoja anapigwa kofi lake. Wanawabebea watu maji mchana kutwa, jioni wanapewa supu, asubuhi wanashika njia wote wawili. Basi.

Nilimaliza kusoma ndipo nikasikia nilichosoma.

"Soma tena," akasema. Nikasoma.

"Wote wawili?"

"Wote wawili, Baba Kudra."

"Walisema pamoja?"

"Pamoja."

Nje kulikuwa na watu wanagonga chuma kwenye gereji ya jirani, wanapiga kelele za kazi. Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo siijui, "Labda mbele. Labda kuna daraja lingine mbele."

Hapo ndipo Mungu alinipa nafasi. Maneno yote ya Kolini nilikuwa nayo kichwani, aliniposa nayo. Ningefungua ukurasa wowote ule, niweke kidole, nitazame mistari na kusema, "Ehe, hii hapa: mimi sina baba, nina mabega." Asingejua. Angelala usingizi mzuri. Au ningesema kurasa zimechanika, vitabu vya mtumba ndivyo vilivyo. Badala yake nilifunua mpaka mwisho, nikakipiga kitabu kofi, nikasema: "Hakuna. Zénon aliitunga pale pale nyuma ya jiko. Alikutuma kwa direkteri, na we ukatumika."

Na, Mungu anisamehe, nilisema kwa sauti ya mtu aliyeshinda.

Twahiru aligeukia ukuta. Chakula hakukigusa. Kesho yake nilimpelekea chai akanywa, nikamuuliza mguu vipi, akasema haujambo. Alikuwa mpole, na upole ule ulinitesa kuliko matusi. Wiki nzima hakuniambia habari ya mchele wala ya kitunguu. Ningeunguza sufuria nzima asingesema kitu. Kitu kimoja tu aliniomba. "Zénon akija, usimuulize neno. Apana, Mama Kudra, nimekuomba."

"Na umuache hivi hivi?"

"Yeye ndiye rafiki niliye naye."

Zénon alikuja Jumapili baada ya misa, na mfuko wa matunda ya marakuja na kilo mbili za sukari, kama mtu anavyomjulia hali mgonjwa. Alivua viatu mlangoni. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaigonga plasta kwa kidole, akasema, "Sha, sasa we ndiye gari, na fundi hayuko." Twahiru alicheka. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa kanzu safi. Niliona jinsi anavyomtazama rafiki yake usoni, anamtazama, anatafuta.

Nikaenda kumimina chai. Mimi niliahidi kutouliza. Kitabu sikuahidi. Ndivyo nilivyojidanganya, nikakiweka kwenye sinia katikati ya vikombe, nikaingia nalo. Twahiru alinitazama mara moja tu.

"Eh!" Zénon alikidaka kabla hata ya chai. "Hiki si ndicho! Mumekitoa wapi? Kile cha baba kilipotea zamani!" Akakifungua, akanusa kurasa, akafurahi kweli. "Twahiru! Minisitiri!"

"Mheshimiwa Minisitiri," Twahiru akajibu, na wakacheka wawili mpaka Zénon akatoa kitambaa kufuta macho. Kilikuwa kicheko cha kweli. Kama ningenyamaza kingetosha. Twahiru angekishika hicho kicheko akaishi nacho.

"Shemeji," nikasema, "na ile sura ya daraja? Pale Kolini anaposema alikuwa peke yake?"

Zénon akakunja uso. Nilikuwa nimejitayarisha, wallahi. Nilitaka nione jasho, nione macho yanakimbia, nione mtu anatafuta mlango. Nimelea mtoto na nimeishi na mafundi, mwongo namjua. Lakini yule hakuwa anaficha kitu. Alikuwa anatafuta kichwani mwake kwa uaminifu kabisa, na hakuti.

"Daraja... Iko humu?"

"Haimo."

"Basi niliitunga. Nilikuwa natunga sana, shemeji! Kifaransa kikinishinda, natia changu. Ilikuwa inasema nini?"

Nilifungua mdomo. Yote niliyopanga kumwambia tangu juma lile yalikuwa ulimini. Twahiru ndiye aliyejibu.

"Hata mi siikumbuki," akasema.

"Zilikuwa siku nzuri zile." Zénon akafunga kitabu, akakirudisha kwenye sinia kwa uangalifu. "Halafu we ukaacha shule. Nilisikitika sana, sha, nilikaa benchi peke yangu mwaka mzima. Lakini we ulipenda magari tangu zamani."

"Niliyapenda," Twahiru akasema.

"Unaona! Kila mutu na njia yake."

Akanywa chai yake, akasifu tangawizi. Akaeleza kwamba gari lake linalia gurudumu la mbele akikata kona, na Twahiru akamuuliza linalia vipi, kulia au kushoto, akamwambia asiende nalo mbali mpaka alipeleke likaangaliwe beringi. Zénon akashukuru. Aliinama akamkumbatia rafiki yake kwa nguvu, maana anampenda, hilo silikatai, akavaa viatu vyake, akaondoka.

Nilikaa chini kwenye mkeka. Vikombe nikaviacha pale pale.

"Baba Kudra, nisamehe. Uliniomba, na mi nikafanya."

Alikuwa anatazama mlango. Gari la Zénon likawashwa nje, likarudi nyuma, na kweli kwenye kona gurudumu likalia, tukalisikia mpaka likapotea.

"Nilidhani anakumbuka," akasema. "Kwamba alidanganya, sawa, tulikuwa watoto, aliogopa. Hiyo ningemsamehe. Nimekwisha kumsamehe toka juzi. Nilidhani tu anakumbuka."

Nikamshika mkono. Akaniachia niushike, lakini hakunitazama.

"Na alivyokuwa anajua kutunga, Saliha," akasema mume wangu. "Leo ndiyo ameshindwa kunitungia?"